Unasema picha zako ziko Google? Haya, zifungue kwenye simu ya mwenzio tuone

steshenari_wete

Assalaam aleikum. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu tutaonana nyuzi nyengine.

Mie nina steshenari hapa Wete, napiga pasipoti saizi, naskani vyeti, natoa picha kwenye simu natia kwenye flashi, yaani simu za watu zinapita mkononi mwangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nikimuuliza mtu picha zako zipo pengine popote zaidi ya humu, jibu ni moja, ziko Google. Vizuri. Haya kaa hapo kwenye kompyuta yangu, ingia, nioneshe hata moja. Hapo ndo kizaazaa.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Imeili yako ipi mama?"
"Si hiyo hiyo iliyomo."
"Sawa, paswedi?"
"Alitia yule kijana."
"Kijana yupi?"
"Si aliyeniuzia simu."

Nikifungua setingi naikuta imeili yenye jina la duka na tarakimu nyuma, na namba ya kurudishia akaunti inaishia na tarakimu mbili ambazo mwenye simu hazijui hata kwa ndoto. Ni laini ya yule kijana, na kijana mwenyewe keshahama duka, au laini keshaitupa kaweka ya mtandao mwengine. Kwa hiyo picha ni kweli ziko Google, sikatai, salama salimini, ila funguo hana yeye. Na hatojua kama hana, maana simu ikiwa nzima apu inafunguka bila kuuliza kitu. Siku simu ikitumbukia bandarini au ikichomolewa kwenye daladala ndo anaulizwa paswedi kwa mara ya kwanza toka anunue.

Ndo maana mtu akiniuliza klaudi, yaani kuweka vitu vyako kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti, ina hatari gani, akitegemea nimsimulie habari za mahaka (wadukuzi) wa Urusi, namwambia hao mahaka watasubiri sana, wewe mwenyewe mwenye picha huwezi kuingia.

Kundi la pili akaunti ni zao na paswedi wanazijua, lakini hakuna kilichopanda kwenda huko Google. Apu ya Google Photos ukiiwasha bekapu (ile nakala ya akiba) inangoja waifai, mwanzo haigusi bando lako mpaka uiruhusu. Sasa mtu nyumbani hana waifai, dukani kwake hana, maisha yake yote ni ya kuunga bando la siku. Gonga ile duara yenye picha yako pale juu kulia uone imeandika nini. Imeandika inasubiri Wi-Fi. Inasubiri toka simu imetoka kwenye boksi!

Halafu hizi picha za kutumiwa. Harusi ya dada yako hukupiga wewe, umetumiwa kwenye grupu la familia, na zile zinakaa folda ya WhatsApp. Bekapu mwanzo inachukua za kamera tu, hayo mafolda mengine yanataka yawashwe moja moja. Nimekutana na watu wana bekapu nzuri kabisa ya skuli, ya shamba, ya paka wao, lakini ya harusi hamna hata moja.

Na wale walojaliwa mpaka imejaa. GB 15 za bure zinagawana Gmail, Drive na Photos, na kwa wa Android bekapu ya WhatsApp siku hizi nayo inahesabiwa humo humo. Zamani ilikuwa raha, toka 2015 unapandisha bila kikomo ukikubali picha ipunguzwe ukubwa kidogo, lakini tarehe 1 Juni 2021 wakafunga. Zilizopanda kabla ya hapo kwa mpango huo hazihesabiwi, za baada yake zinahesabiwa. Picha moja ya simu ya sasa MB 3 mpaka 5, piga hesabu mwenyewe, ni picha elfu tatu mpaka elfu tano hivi basi, na ukiwa mtu wa video ndo kabisa. Ikijaa hazipandi, na imeili nazo haziingii, mtu anakaa anangoja barua ya usaili wa kazi kumbe sanduku limejaa video za kuchekesha.

Lakini lililoniumiza mpaka nikaamua kuandika ni hili la kufuta. Simu imejaa, mtu anaingia Google Photos anaanza kufuta akisema za huku nafuta, za juu zitabaki. Hazibaki. Ukifuta ndani ya apu ile umefuta kote, kwenye simu na juu. Inakaa kwenye kapu la taka siku 60 ndo inakwenda moja kwa moja. Na iPhone yenye iCloud Photos, klaudi ya Apple, vile vile, ukifuta kwenye simu imefutika kwenye aipadi na kila pahala, una siku 30. Kama unataka kupunguza simu tu kuna kitufe chake maalumu cha kuachia nafasi, kile kinaondoa za kwenye simu ambazo zimeshapanda, za juu kinaziacha. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya kila uchao, na mie nawapokea wakiwa wameshavuka hizo siku 60.

Kwa hiyo klaudi inakufuata unavyofanya. Ukikosea nayo inakosea na wewe papo kwa papo. Hiyo mie siiti bekapu. Bekapu ni ile ambayo ukifanya ujinga leo yenyewe haijui.

Nitaandika chini mie nafanya vipi. Kwanza nyie semeni.

fundi_wa_darajani

Ami mbona umetuvaa mafundi hivyo. Nikuulize, mteja kaja kavaa kikoi, simu ya kwanza ya tachi maishani mwake, imeili hana, na kaniambia anawahi boti ya Pemba, nifanyeje? Namfungulia. Na paswedi tunawaandikia, tena kwa kalamu, nyuma ya boksi la simu. Boksi wanatupa! Au anapewa mtoto atie penseli. Hiyo nayo lawama yetu?

steshenari_wete

Hahaha bwana hiyo ya boksi nimeiona kweli. Lakini namba ya kurudishia si ungetia yake yeye, unaacha yako ya nini? Na paswedi mpe simu aandike mwenyewe, hata kama atachukua robo saa, jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa bora kuliko kitu asichokijua. Halafu kuna hili na wewe fundi unalijua zaidi yangu, simu za Android toka 2015 huko ukiifuta yote kwa nguvu ikiwaka inadai akaunti ile ya mwanzo. Kwa hiyo mama wa watu hapotezi picha tu, hata simu yenyewe inabaki kipande cha kioo mpaka aje kukupa wewe pesa ya kuifungua. Sitaki kusema mnafanya makusudi.

fundi_wa_darajani

Usiseme basi.

bi_asumini

Kaka mie kazi yangu ni kupamba maharusi, na suala langu si kupotea kwa picha, langu ni kuonekana. Bibi harusi anapigwa siku ya singo, siku ya hina, kichwa wazi, nguo za ndani ya ukumbi wa wanawake, na pale mlangoni simu zinakusanywa kwenye beseni ili asipige mtu. Mpiga picha ni mwanamke, kila kitu kimetulia. Halafu wiki ya pili unasikia albamu ipo kwenye linki, linki imetumwa kwenye grupu la mashoga zake wa kike, na kutoka hapo Mungu ndo anajua. Sasa nyie mnasema mtu aweke kwenye klaudi. Hebu nielezeni hapo.

steshenari_wete

Dada umegusa pahala penyewe. Albamu ya linki ndo ilivyotengenezwa, mwenye linki anaona, haiulizi wewe nani. Akiipeleka kwa mwengine naye anaona. Unaweza kuizima linki baadae ukaingia kwenye setingi za albamu, lakini waliokwishapakua wameshapakua. Kwa hiyo za aina hiyo mie ushauri wangu ni mkavu tu, zisipande juu kabisa. Mpiga picha akabidhi flashi mkono kwa mkono kwa bibi harusi, naye memori kadi yake aisafishe mbele ya macho yenu, na hiyo semeni mapema kabla ya kulipana.

Na mpiga picha mwenyewe mkague simu yake. Akipiga kwa simu au akihamishia kwenye simu ili "azirekebishe kidogo", bekapu yake ikiwa imewashwa zimeshapanda kwenye akaunti yake yeye kabla hajafika nyumbani, wala hana habari.

Zile kelele za 2014, picha za faragha za wasanii wa Marekani kuzagaa mtandaoni, watu wengi mpaka leo wanasema iCloud ilibomolewa. Waliopelekwa mahakamani walikuwa wanawatumia imeili za uongo zinazojifanya zimetoka Apple au Google, mtu anaandika paswedi yake mwenyewe anawapa. Hiyo ndo njia yenyewe mpaka leo. Washa ile hatua ya pili ya uthibitisho, ukiulizwa paswedi pahala hujapaomba toka.

Ila nisiwasafishe sana na makampuni. Novemba 2019 kwa siku chache watu waliokuwa wanaomba nakala ya data zao Google, baadhi ya video zao zikaingia kwenye nakala za watu wengine kabisa wasiojuana. Google wenyewe waliwaandikia wahusika kuwaambia. Kwa hiyo mtu akikwambia haiwezekani, mwambie ilishawezekana.

bi_asumini

Na ile folda yenye kufuli ndani ya Google Photos? Vijana wangu wa kazini wanaisifu.

steshenari_wete

Nzuri kwa kumzuia anayeazima simu yako. Lakini angalia, kama hujaiwashia bekapu yake yenyewe, vilivyomo vipo kwenye simu ile tu, simu ikifutwa au ikiibiwa vimekwenda navyo. Kwa hiyo inalinda macho, hailindi picha.

mtoto_wa_jambiani

Wakubwa shkamooni. Mie nafanya kazi za ufukweni, napigia wageni video za droni, kwa hiyo GB zangu ni nyingi. Nimeachana na klaudi nimenunua flashi ya TB 2 kwa bei poa sana kwa jamaa mmoja anatembeza, nimehamishia kila kitu. Sasa hivi nikifungua video za mwanzo zinacheza, za katikati zinasema fali imeharibika. Ni kompyuta au?

fundi_wa_darajani

Marahaba mwanangu. Pole. Usiendelee kutia kitu humo.

steshenari_wete

Marahaba. Si kompyuta. Flashi hizo zimechezewa, ndani ina GB 32 au 64, imedanganywa iseme ni TB 2. Unatia inapokea, jina la fali linaonekana, saizi inaonekana, lakini ikishajaa ile GB 64 ya kweli inaandika juu ya zile za nyuma au inatupa tu. Ndo maana huoni kosa wakati wa kutia, unaliona wakati wa kutoa. Kama zile video bado zipo kwenye kadi ya droni usiifomati kadi leo.

Kuna programu ya bure inaitwa H2testw kwa Windows, na F3 kwa Mac na Linux, inaijaza flashi yote halafu inaisoma yote inakwambia ukweli. Inachukua masaa, iache usiku ilale nayo. Mie hapa dukani sipokei flashi mpya bila kuipima, mteja akinuna anune. Na kama hutaki mambo ya programu basi akili ndogo inatosha, kitu cha TB 2 hakiuzwi bei ya chipsi na mishikaki miwili.

bwana_ubishi

Mbona mnatisha watu. Mie nalipia. GB 100 ya Google kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, huku unalipa kwa kadi ya pesa za simu, imekwisha. Makampuni yale yana majumba ya kompyuta dunia nzima, picha yako ipo nakala kibao. Wewe na hadi diski (hard disk) yako ya Wete yenye kutu nani atapotezewa mwanzo? Tuwe wakweli.

steshenari_wete

Ubishi wako una maana safari hii. Kwa kupotea kwa diski kweli wao wanatushinda kwa mbali, sina la kusema. Diski moja mbovu kwao haina habari.

Lakini picha hazipotei kwa diski peke yake. Hiyo kadi yako ya pesa za simu mwezi ikikosa salio malipo yanagoma, akaunti inarudi GB 15, wewe una GB 80, basi umezidi, hupandishi tena, na ukikaa umezidi miaka 2 wanayo haki ya kufuta. Wamekuandikia kwenye masharti, ila nani anasoma. Na akaunti isiyoguswa miaka 2, toka Disemba 2023 wameanza kuzifuta zenyewe na vilivyomo.

Flickr, ule mtandao wa kuwekea picha, watu walikuwa wanapewa TB nzima bure, wakauzwa kwa kampuni nyengine, mwisho wa 2018 ikatangazwa mwenye akaunti ya bure anabaki na picha 1,000, zinazozidi ahamishe au zifutwe. Halafu kile kisa kilichoandikwa na New York Times Agosti 2022, baba mmoja wa San Francisco mtoto wake mdogo ana uvimbe sehemu za siri, wakati wa korona, hospitali ikataka picha ili daktari aone kwa mtandao. Akapiga. Simu ikapandisha yenyewe. Mitambo ya Google ikaisoma ni picha chafu ya mtoto, akaunti ikafungwa, picha za miaka, imeili, na namba ya simu pia maana laini yake ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo. Polisi wakachunguza wakasema hana kosa. Akaunti hakurejeshewa. Sasa fikiria huku kwetu, kila mtu simu yake imejaa watoto wanakogeshwa. Sisemi itakukuta, nasema ikikukuta huna pahala pa kwenda kugonga mlango, hakuna ofisi Michenzani utakayokwenda kukaa kwenye benchi mpaka wakusikilize.

Na tarehe 12 Mei 2024 umesahau? Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kunyata. Picha hazikupotea siku ile, lakini aliyekuwa anataka kuchapisha kitu kilichokuwa juu tu alikaa.

bwana_ubishi

Sawa ya mtoto imeniingia. Ya nyaya hapana, intaneti ilirudi.

maalim_mstaafu

Wanangu mmesahau umeme. Mie nilikuwa Unguja 2008 tulipokaa mwezi mzima giza baada ya waya wa kutoka bara kuharibika, na tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu. Vyombo vilivyoungua siku umeme unarudi kwa kishindo ni vingi. Nyie wa Pemba wakati ule mlikuwa na majenereta ya Wesha, waya wa Tanga ulikuja 2010. Hadi diski iliyochomekwa muda wote kwenye kompyuta si akiba, inaungua pamoja na kompyuta.

La pili, nina picha ya marehemu mama yangu aliyopigwa studio Mji Mkongwe nikiwa sijazaliwa, ipo ukutani, haina paswedi. Ile Capital Art Studio ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, na picha zilizotoka pale mpaka leo watu wanazo majumbani. Chapisheni. Si zote, nani ataweza, lakini kila mwaka chagueni chache za watu, si za chakula.

steshenari_wete

Maalim ahsante sana, na sitosema sana hapo maana kuchapisha ndo biashara yangu wataniona napigia debe. Ila la diski kuchomekwa muda wote ni kweli tupu. Chomeka, hamisha, chomoa, weka kabatini.

Sasa nilisema nitaeleza nafanya vipi. Kuna kanuni aliyoieneza mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye vitu vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumba. Mie nimeifanya ya Kipemba. Ya kwanza ipo kwenye simu na klaudi, nahesabu moja hiyo, kwa sababu nimeshasema ukifuta huku kule kumefutika. Ya pili hadi diski ya nje kabatini. Ya tatu hadi diski nyengine ipo kwa kaka yangu Mwanakwerekwe, akija Idi anakuja nayo, naijaza, anaondoka nayo. Moto ukipita kwangu ya kule ipo. Msicheke, mwezi Machi 2021 kampuni kubwa ya Ufaransa, OVHcloud, jengo lao moja la kompyuta pale Strasbourg liliungua lote, na wateja waliokuwa na bekapu pale pale walikosa vyote viwili.

Hewa yetu hii ya chumvi diski haiipendi. Yangu inakaa kwenye kopo la plastiki la mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, mie navikusanya, wateja wananiletea. Waya wake upo humo humo, maana hizi diski waya ukipotea ndo unatembea Darajani nzima unatafuta kichwa kinachoingia. Tukikaribia mfungo naichomeka, nafungua picha za miaka tafauti, si kuangalia majina tu, nazifungua. Flashi na SSD (diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani) zikikaa miaka hazijapata umeme zinaweza kusahau zilichobeba, kwa hiyo za kuweka kabatini muda mrefu mie bado napenda ile diski ya kuzunguka. Ila ukiiangusha basi.

Na kwenye akaunti, zile namba za siri 10 za dharura ambazo Google wanakupa, kila moja tarakimu 8, nimezichapisha ziko kwenye faili la vyeti vya kuzaliwa. Simu ikipotea na laini ikipotea, karatasi ile inanirudisha.

dada_wa_maskati

Nasoma kimya kimya toka mwanzo. Baba yangu alifariki Unguja, simu yake nimekabidhiwa, imefungwa kwa namba ya siri ambayo hakuna aliyeambiwa. Mna sauti zake humo, mna video ya wajukuu wanasoma Kur-ani. Kuna njia?

steshenari_wete

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Allah amrehemu dada. Kwanza msiruhusu mtu aifute simu kwa lengo la kuifungua, ikifutwa vya ndani vimekwenda. Na laini yake msiiache ikafa, ndo inayopokea ujumbe wa kurudishia akaunti. Kama ni Android, Google wana fomu ya maombi kwa akaunti ya marehemu, wanataka cheti cha kifo na uthibitisho wa wewe ni nani, na wakikubali wanaweza kutoa baadhi ya vilivyomo kwenye akaunti. Paswedi hawatoi, simu hawafungui. Kwa hiyo yaliyokuwa yamepanda yana matumaini, ya kwenye simu tu ni magumu, sitaki kukupa moyo wa uongo. Sauti za WhatsApp waulizeni jamaa aliokuwa akizungumza nao, zile alizowatumia zipo kwenye simu zao. Anzieni hapo, leo, kabla hawajabadilisha simu.

Kwa sisi tulio hai, ndani ya akaunti ya Google kuna pahala unapanga, nikiwa kimya miezi 3, 6, 12 au 18 mpe fulani vitu hivi, unaweza kutaja mpaka watu 10. Apple nao toka mwisho wa 2021 wana mtu wa kumwachia. Inachukua dakika chache.

dada_wa_maskati

Ahsante kaka. Ya jamaa wa WhatsApp hatukuifikiria. Naanza na ami yangu, alikuwa akimtumia sauti kila alfajiri.

mtoto_wa_jambiani

Kadi ya droni nilikuwa sijaifomati alhamdulillah, za mwezi huu zote zipo, za nyuma zimeliwa. Sasa nataka kushusha zilizoko Google niweke kwenye diski ya maana. Nazishusha moja moja?

steshenari_wete

Usijaribu. Ingia Google Takeout, pahala pa kuombea nakala ya data zako, kwenye kompyuta, ondoa tiki zote ubakishe Google Photos, chagua zipu za GB 2 ikiwa unatumia bando, za GB 10 au 50 kama una waifai ya hoteli hapo Jambiani mkaelewana na meneja. Wanakutumia linki kwenye imeili, baada ya masaa au siku kulingana na mzigo, na linki inadumu kama wiki, usiombe ukasafiri. Bando la usiku ndo lake. Utakuta kila picha ina kijifali pembeni kinaishia na json, usivifute, tarehe na pahala vimo humo.

Diski ukiinunua ifomati kwa mpangilio wa exFAT, maana ule wa FAT32 haupokei fali moja inayozidi GB 4 na video zako za droni zitagoma.

mtoto_wa_jambiani

exFAT itasoma kwenye TV ya hoteli? Wageni wanapenda kuangalia usiku.

fundi_wa_darajani

TV za zamani nyingi hapana. Beba na flashi ndogo ya FAT32 ya kuoneshea, video uzikate fupi fupi. Ya kweli lakini mwanangu, njoo dukani nikupimie mbele yako.